Somo: Kitambaa cha sofa kitanda, anza na mkunjo

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Juzi nimeletewa sofa kitanda ya tatu mwaka huu yenye ugonjwa uleule. Mgongo mzima, mikono mizima, ila pale katikati inapokunjwa kitambaa kimeachia mstari mzima kama kimepitishwa wembe. Mwenye nayo anamlaumu fundi aliyeshona. Nimeuangalia mshono, hauna kosa. Kitambaa ndicho hakikuwa cha kazi hiyo.

Kochi la kawaida linakaliwa tu. Hili linakunjwa na kukunjuliwa, mtu analitolea jasho usiku kucha, na asubuhi mgeni anakalia palepale. Kwa hiyo najua rangi ndiyo inayokuvuta ukiingia maduka ya Kariakoo, lakini iache iwe ya mwisho.

Hatua ya 1: Ijue sofa yako inavyofunguka

Ifungue na kuifunga mara tano ukikitazama kitambaa kinapita wapi. Zipo za kulaza mgongo, zile zinazolia "kla!", ambazo kitambaa cha kukalia ndicho hichohicho cha kulalia. Zipo za kuvuta kama droo, na hapo kuna upande unaosuguana na mbao kila siku. Zipo pia zenye godoro lake limekunjwa ndani. Mwenye hizo za mwisho ana bahati, kitambaa chake hakilaliwi, achague anachopenda. Somo hili ni la wale wengine wawili.

Hatua ya 2: Chagua aina

Nianze na ngozi bandia, maana ndiyo inayoulizwa kuliko zote. Watu wanaipenda kwa sababu inafutika. Zipo mbili, na muuzaji mara nyingi hatakwambia ipi ni ipi. Ya PVC ni nzito, haipitishi hewa, ukiilalia mgongo unanata, na ikikunjwa mahali pamoja kila siku hukakamaa na kupasuka. Ya PU ni laini, ukiishika unaweza kuapa ni ngozi ya ng'ombe, lakini joto na unyevu wa pwani huila ile tabaka ya juu mpaka inabanduka magamba. Hili sikuhadithiwa. Niliwahi kumshonea mteja PU nyeupe, nikajisifu na picha nikapiga. Haikumaliza miaka miwili, mtoto wake akawa anaamka na magamba meupe kichwani. Nilimfunikia upya bila kudai ufundi. Tangu hapo mtu wa Dar akiniletea PU kwa ajili ya sofa kitanda, namuuliza mara mbili.

Pamba tupu ni baridi mwilini na inanyonya jasho. Tatizo inanyonya na chai, inapauka juani, na ukiifua bila kuiloweka kabla ya kukatwa inasinyaa.

Chenili iache. Nyuzi zake nono zinanasa kwenye kucha na zipu, na pale mkunjoni zinanyonyoka hadi panabaki upara.

Mahameli, wengi mnaita velveti, ile ya poliesta ni imara kuliko inavyodhaniwa. Ila ina joto, na mkunjo unaacha mstari unaong'aa.

Ninachopendelea mimi ni mchanganyiko wa poliesta na pamba, poliesta ikiwa nyingi, uliofumwa bapa na kubana. Poliesta inabeba mkunjo, pamba inaupa mwili nafuu.

Hatua ya 3: Kitese dukani

Omba kipande, hata cha kununua. Kinyanyue kwenye mwanga. Ukimwona muuzaji upande wa pili, mrudishie. Kikunje mara nne, kibane kwa vidole ukihesabu hadi sitini, kisha kifungue: mstari ukibaki mweupe, rangi imepakwa juu tu. Lowesha leso nyeupe ukisugue. Rangi ikihamia kwenye leso, kesho itahamia kwenye shuka la mgeni.

Ukitaka kujua kama ni pamba kweli, toka nje, chomoa uzi mmoja wa mtande, yaani wa urefu, na mmoja wa mshindio, yaani wa upana, uchome. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Mwenye mizani ndogo akate sentimita 10 kwa 10 apime. Gramu 3 maana yake ni gramu 300 kwa mita ya mraba. Chini ya hapo mimi sikiweki sehemu ya kukalia. Na ukikuta lebo yenye neno Martindale, hiyo ni hesabu ya misuguano kitambaa kilichovumilia kwenye mashine. Kwa sofa ya nyumbani naanzia 20,000. Ya kulaliwa kila siku, 30,000.

Hatua ya 4: Kununua na kukabidhi

Vitambaa vingi vya makochi vina upana wa karibu sentimita 140. Fundi apime kwanza, na apime sofa ikiwa imefungwa na ikiwa imefunguliwa, achukue kipimo kirefu. Wengi tunapenda kuvuta kitambaa kikaze kipendeze, kumbe mkunjoni panahitaji ulegevu kidogo. Mshono nao usikae juu ya mstari wa mkunjo. Uzi uwe wa poliesta au nailoni. Nunua mita zote kwenye jora moja, kwa sababu jora jingine la rangi hiyohiyo huweza kutofautiana kidogo, na ongeza nusu mita ya akiba ya kiraka.

MASWALI

Mpangaji wa Sinza: Fundi shikamoo. Mwanangu wa miaka mitatu bado anakojoa usiku. Hapo si ngozi bandia tu?

Jibu: Marahaba mama. Hapana. Mkojo utapita kwenye matundu ya sindano, uingie kwenye sponji, na ngozi iliyo juu itauzuia usikauke. Harufu yake hutaitoa. Chukua mchanganyiko wa poliesta, tandika mpira chini ya shuka, na mwambie fundi aweke zipu ili foronya zivuliwe zifuliwe.

Mtu wa Unguja: Assalaam alaykum. Sisi tuko karibu na bahari. Kochi lililopita lilitoa ukungu, kisha madoa ya kutu pembezoni.

Jibu: Waalaykum salaam. Kutu ni pini za stepla. Mwambie fundi atumie za chuma kisichoshika kutu. Ni ghali kidogo, atalalamika, usimwachie. Ukungu: epuka pamba tupu, isogeze sofa mbali na ukuta, na asubuhi msiikunje mara tu mtu anapoamka. Mnafungia jasho ndani.

Mwenye paka, Nairobi: Na paka je? Amenimalizia kochi moja tayari.

Jibu: Pole sana. Kucha za paka zinatafuta kitanzi cha kunasa. Mahameli ya manyoya mafupi haina vitanzi, na kwa baridi yenu ya Julai lile joto lake ni faida. Mstari wa mkunjo upitishie mvuke wa pasi kwa mbali, kisha brashi laini.

Bibi harusi mtarajiwa: Nimebakiza mita tisa za pazia, nzito kabisa. Zinafaa?

Jibu: Pazia kazi yake kuning'inia, halijawahi kukaliwa na mtu. Lipime kwa ile mizani kwanza.

Bibi harusi mtarajiwa: Nimepima. Gramu 2.

Jibu: Shona foronya za mito midogo, zitapendeza. Na hongera.