Namna ya Kusoma Utafiti wa Wanyama Kuhusu Virutubisho na Kumbukumbu ya Uzeeni

Ukikutana na habari kwamba kirutubisho fulani kimerudisha kumbukumbu za panya wazee, uliza kwanza panya hao walikuwa na umri gani. Panya wa maabara huhesabiwa mzee anapofikisha miezi 18 hadi 24. Wa miezi 6 bado ni kijana, na nafuu aliyoipata haituelezi lolote kuhusu uzee. Mtafiti James Joseph na wenzake, katika utafiti wao wa mwaka 1999, walitumia panya wa miezi 19, wakawalisha kwa wiki 8 chakula chenye dondoo za stroberi, spinachi au bluberi.

Kisha chunguza jaribio lenyewe, na hapa usiwe na haraka. Linalotumika sana ni bwawa la Morris, ambamo panya huogelea akitafuta jukwaa lililofichwa chini kidogo ya uso wa maji, huku akijiongoza kwa alama zilizo nje ya bwawa. Matokeo yakitajwa kwa sekunde peke yake, tia shaka, kwa maana mzee anaweza kuchelewa kwa sababu misuli imelegea au macho hayazioni zile alama, wala hajasahau kitu. Mtafiti makini hupima pia urefu wa njia na kasi ya kuogelea, halafu humjaribu panya kwa jukwaa linaloonekana. Akilikosa hata hilo, lawama isiangukie kumbukumbu.

Angalia kama wanyama waligawanywa kwa bahati nasibu, na kama kiasi walichokula kilipimwa. Jambo hili hupuuzwa mno: kirutubisho kichungu huwafanya wale kidogo, na kula kidogo kwenyewe hubadilisha mwendo wa uzee wa panya.

Kuhusu dozi, usizidishe tu kwa kilo. Miligramu 100 kwa kila kilo ya panya wa jamii ndogo (mouse) hugawanywa kwa 12.3 ili kupata kipimo cha binadamu, zikabaki takriban 8.1 kwa kila kilo ya mtu. Kwa mtu wa kilo 60 ni kama miligramu 490, si 6,000. Hata hesabu hiyo ni ya kuwasaidia watafiti kupanga majaribio salama, si ruhusa ya kumeza.

Mwisho, tafuta jaribio la binadamu. Dondoo la majani ya mti wa ginko lilitia moyo kwa wanyama, lakini matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008, ya watu zaidi ya 3,000 wenye miaka 75 na kuendelea waliopewa miligramu 120 mara mbili kwa siku au kidonge kisicho na dawa, yalionyesha kuwa halikuzuia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.