MAGAZIJUTO ije baadaye: ninavyofundisha mpangilio wa matendo

Mwanafunzi mmoja aliniletea daftari lenye 10 − 4 + 3 = 3. Nikamuuliza ameipataje hiyo 3. Akanijibu bila wasiwasi: "Mwalimu, Jumlisha iko kabla ya Toa. 4 na 3 ni 7. 10 toa 7, 3." Jibu ni 9, lakini mtoto hakuwa mzembe. Alifuata silabi kwa silabi neno nililomkaririsha: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Tangu siku hiyo MAGAZIJUTO siitaji kabla darasa halijajua inafupisha nini.

Kipindi cha kwanza naingia na kalamu. Nashika 2 mkononi, naweka mezani pakiti 3 zenye kalamu 4 kila moja, kisha nauliza zote ni ngapi. Wanasema 14. Hapo ndipo naandika ubaoni 2 + 3 × 4. Anayejumlisha kwanza anapata 20, na kalamu zinamkatalia mbele ya macho yake. Kuzidisha ni kujumlisha kwa mkato: 3 × 4 ni 4 + 4 + 4, na zile 2 za mkononi si pakiti. Usiharakishe hapa hata kidogo. Mwambie kila mmoja atunge kisa kifupi cha 20 − 2 × 6. Kisa kikisimama na kutoa 8, ameelewa. Kisiposimama, kanuni haitamsaidia.

Baada ya hapo nawafundisha kukata vipande. Wanachora mstari wa wima mbele ya kila alama ya kujumlisha au kutoa iliyo nje ya mabano:

18 | − 12 ÷ 3 | + 2 × 5

Kila kipande kinafanyiwa hesabu peke yake: 18, −4, +10. Jumla 24. Alama ya kutoa inakwenda na namba iliyo kulia kwake, kwa hiyo 10 | − 4 | + 3 haiwezi tena kuzaa 3.

Sasa neno linaweza kuja, na nalisoma kwa ngazi: MA, kisha GAZI kwa pamoja, kisha JUTO kwa pamoja. Walio ngazi moja wanahudumiwa kuanzia kushoto kwenda kulia. Ukichunguza, kutanguliza kugawanya mbele ya kuzidisha hakuharibu jibu: 6 × 8 ÷ 4 ni 12 uanzie popote. Ila kugawanya kukifuatana, kushoto ndiko kunakoamua: 24 ÷ 6 ÷ 2 ni 2, si 8. Hatari kubwa iko kwenye JUTO. Basi zoezi lako liwe na maswali ambayo kutoa kunatangulia kujumlisha. Ukiwapa ya aina ya 5 + 6 − 2 tu, wote watapata na kosa litabaki limejificha.

Neno hili pia halina vipeo. Waambie wazi kwamba kipeo huja baada ya mabano, kabla ya GAZI: 2 × 3² ni 18, si 36. Na mstari wa sehemu ni mabano yasiyoandikwa. Cha juu kikamilike, cha chini kikamilike, ndipo ugawanye.

Katika kuandika nina sharti moja nisilolegeza: tendo moja, mstari mmoja, na lipigiwe mstari chini kabla ya kukokotolewa. Ukiona 2 × 5 = 10 + 3 = 13, rudisha daftari hata kama jibu ni sahihi, maana 2 × 5 si sawa na 10 + 3.

Kwa kufunga mada nawapa 2 + 3 × 4 − 1, waweke mabano watakavyo na kutafuta majibu tofauti. Bila mabano ni 13. Kuna (2 + 3) × 4 − 1, ambayo ni 19. 2 + 3 × (4 − 1), ambayo ni 11. Na (2 + 3) × (4 − 1), ambayo ni 15. Akitokea atakayeandika 2 + (3 × 4) − 1 na kulalamika kwamba jibu limebaki 13, msimamishe awaeleze wenzake kwa nini. Ameyaona mabano ambayo kanuni ilikuwa inatuwekea muda wote.