Kama unakaribia kustaafu, anza kujaribu sasa

Kwa watumishi wengi wa umma Tanzania, kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima 60. Hiyo mitano ya katikati ni ya thamani sana. Unapenda ufugaji nyuki? Tundika mzinga mmoja au miwili sasa, ujue kurina asali usiku kukoje, kabla kiinua mgongo hakijaingia na ndugu hawajaanza kukuletea mawazo ya biashara.

Na tafadhali, usipange shughuli za pesa tu. Kinachowaumiza wastaafu wengi ni asubuhi isiyo na mtu wa kusalimiana naye. Jiunge na kwaya, au iombe shule ya jirani uwasaidie watoto wa darasa la tatu kusoma, kila Jumanne na Alhamisi, saa ileile.