Usichague Rangi Kwenye Njugu Mawe za Kupanda

Kila mwaka mvua za Desemba zinapokaribia, hapa Dodoma nakuta jambo lilelile katika nyumba nyingi ninazopita. Mama ameketi barazani na ungo wa njugu mawe za mbegu, anachambua. Nyeupe zinaingia kwenye ndoo. Nyekundu, nyeusi na zenye madoa zinakwenda kwenye sufuria. Ukimuuliza sababu, anasema mnunuzi anataka nyeupe.

Anachosema ni kweli. Nyeupe inapata bei, na mchuzi wake hauwi mweusi. Kwa hiyo njugu za gunia la kuuza zichambueni mtakavyo. Kosa linaloniuma ni kuzichambua za kupanda. Misimu mitatu minne ya kuchambua hivyo inatosha kufuta shambani kitu ambacho bibi zetu walikitunza kwa umri wao wote, na hakuna duka la pembejeo litakalokuuzia tena.

Wengi mnadhani njugu mawe ni kama mahindi, kwamba ukitupa punje ya rangi, tabia yake imebaki humohumo ndani ya nyingine. Sivyo. Mahindi huchavushana kwa upepo, damu zikachanganyika shamba zima. Ua la njugu mawe hujichavusha lenyewe, chini kabisa karibu na udongo. Mmea mwekundu huzaa wekundu, mjukuu wake mwekundu, na kila kilichomo ndani yake kinashuka katika ukoo huohuo peke yake. Ungo mmoja wa mbegu ya asili, basi, ni koo nyingi zilizokaa pamoja bila kuoana. Ukimpeleka jikoni mwenye madoa wa mwisho, umemaliza ukoo mzima: siku zake za kukomaa, nguvu ya mizizi yake, namna anavyostahimili jua la Februari. Rangi ni nguo tu. Wewe unatupa nguo na mwenye nguo.

Na hilo jua la Februari mnalijua. Mvua hukatika katikati ya msimu, wakati mwingine wiki mbili, wakati mwingine zaidi. Katika shamba lenye mchanganyiko kuna mimea iliyokwisha kujaza maganda kabla ya ukavu, na mingine ambayo bado inatoa maua na itangoja mvua irudi. Shamba la ukoo mmoja linakutwa lote katika hatua moja. Likikosa, limekosa lote.

Kuna hasara nyingine ambayo mkulima haioni. Watafiti wanaotafuta mbegu bora ya njugu mawe wana kazi ngumu kuliko wenzao wa mahindi, kwa sababu ua ni dogo mno na kulichavusha kwa mkono hushindikana mara nyingi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi yao ni kuchagua koo nzuri kutoka mbegu za asili za wakulima. Mbegu nyekundu ya hapa Dodoma inajulikana kwa watafiti kama DodR, na imefanyiwa majaribio hadi Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza. Ndiyo hiyo nyekundu inayokwenda kwenye sufuria! Mtafiti anaweza kuchagua kilichopo tu. Kikishaliwa, hana pa kuanzia.

Sasa vipimo, na naomba vifuatwe kama vilivyo.

Mbegu huchaguliwa shambani, siyo kwenye ungo. Ekari yako ni hatua 70 kwa 70. Tembea kwa mistari 10, na kila baada ya hatua 7 simama, funga kamba kwenye mmea ulio mguuni pako. Itakuwa mimea 100. Usitafute mzuri. Mmea wenye majani ya mabaka au yaliyojikunja kwa ugonjwa ndio pekee unaorukwa. Chukua jirani yake. Wapo wanaoniambia mimea 20 inatosha. Haitoshi, na hesabu iko wazi: ukoo ulio na mimea 5 katika kila 100, ukichukua 20 una nafasi zaidi ya moja kwa tatu ya kuukosa kabisa. Ukichukua 90, nafasi hiyo inashuka hadi moja kwa mia. Funga kamba kati ya siku ya 30 na ya 40 tangu kupanda, mimea ikiwa bado inatofautishika.

Wakati wa kuvuna, chukua maganda 8 kutoka kila mmea wenye kamba. Manane kwa kila mmoja, hata kama mmoja amezaa 60. Ukichota mengi kwa aliyezaa sana, umeanza tena kuchambua.

Hizo ni punje kama 800, takriban gramu 400. Nyumba iliyokula debe zima la njugu za rangi haiwezi kuniambia imeshindwa kuweka nusu kilo.

Msimu unaofuata zipande kwenye kitalu cha mita 8 kwa 10, nafasi ya sentimita 50 kati ya mistari na 20 kati ya mashimo, kina sentimita 4. Punje moja kila shimo. Nimeona watu wakiweka mbili kisha wanang'olea ulio mdogo: mdogo wa wiki ya pili mara nyingi ni ukoo wenye kuota taratibu, nao una kazi yake. Hakuna haja ya kutenga kitalu mbali na shamba. Mita 2 zinatosha, ili wavunaji wasichanganye tu.

Kitalu hiki msikivune siku moja. Ukingoja wote wakomae, maganda ya wa mapema yanaoza au kuota ardhini. Ukiwahi, wa mwisho wanatoka wachanga. Ng'oa yenye majani ya njano, rudi baada ya siku 14, kisha siku 14 nyingine.

Anika njugu zikiwa na maganda yake. Pima kwa punje chache ulizomenya: zitie kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, tikisa, ngoja dakika 10. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mkekani. Zihifadhi na maganda, maana fukusi huipata kwa urahisi punje iliyomenywa, na zimenye kwa mkono siku chache kabla ya kupanda. Kinu kinapasua mbegu, acheni kinu.

Ukiona rangi zote zimerudi kwenye mavuno ya kitalu, umefanya sawa.

Mwenye rangi ambayo majirani hawana tena, aniletee ofisini gramu 200 zikiwa na maganda. Kituo cha taifa cha kuhifadhi nasaba za mimea kipo Arusha, na mbegu za aina hii katika hifadhi kama hizo huwekwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Weka karatasi ndani: kijiji, mwezi wa kuvuna, siku ilizochukua hadi kukomaa, na jina mnaloiita nyumbani. Kama jina ni la Kigogo, liandike kwa Kigogo.