Kabla hujaitoa programu yako ya miwani ya uhalisia pepe (VR) inayoendeshwa kwa mikono mitupu

Fanya jaribio hili: kaa kwenye kiti, weka mkono wa kushoto mfukoni, na ufunge kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia pamoja kwa plasta. Sasa fungua ule mlango uliouunda wewe mwenyewe ndani ya programu. (Halitoshi, bado utahitaji watu wenye ulemavu waijaribu, lakini utaaibika mapema.)

Kamera ya miwani hufuatilia vidole, na ili kushika kitu unabana kidole gumba na cha shahada. Tatizo kubwa ni kule kuendelea kubana huku mkono unasogea. Mwenye Parkinson, ugonjwa wa neva unaoleta mtetemeko, akitetemeka, vidole huachana kidogo tu, kamera inahesabu kwamba ameachia, na kikombe kinaanguka njiani. Weka umbali kati ya vidole unaohesabiwa kuwa kuachia uwe mkubwa kuliko ule wa kushika, na usubiri kama robo sekunde kabla ya kuamini kwamba kweli ameachia. Bora zaidi, toa chaguo la kubana mara moja kushika, mara ya pili kuachia.

Aliyepooza upande mmoja usimdai mikono miwili. Asiyefikia rafu ya juu, mletee karibu. Na asiyeweza kubana kabisa? Miwani ya Apple Vision Pro, iliyoanza kuuzwa Marekani Februari 2024, inamruhusu kukazia kitu macho kwa muda mfupi kikachaguliwa. Mipangilio hii iweke kwenye skrini ya kwanza, na ifunguke bila kubana. Nimeona menyu ya usaidizi inayodai ubane ndipo uifikie!