Kumfuatisha mbwa harufu kutoka eneo la tukio

Kazi ya mbwa wa polisi mara nyingi huharibika hata hajashuka garini. Ukipigiwa simu, mwambie askari aliyetangulia kufika azungushe utepe, asiguse kitu, na atoke kwa njia ileile aliyoingilia. Muulize walioingia ni akina nani. Mbwa atazikuta harufu zao wote.

1. Tafuta chanzo cha harufu: kofia iliyodondoka, kiti cha gari lililotelekezwa. Vaa glavu mpya. Kama kitu hicho kitapimwa alama za vidole au vinasaba, elewana kwanza na wataalamu, kisha weka juu yake kitambaa safi cha pamba kinyonye harufu. Mbwa atanusa kitambaa. Kielelezo kibaki salama.

2. Tazama upepo na ardhi. Nyasi zenye umande hushika harufu vizuri, lami ya jua kali huipoteza upesi. Kwa hiyo usichelewe.

3. Mvishe mkanda wa kifuani. Kwake hiyo ndiyo sare, anajua kazi imeanza. Mnusishe, toa amri moja, nyamaza. Achia kamba ya kama mita 10.

4. Sasa msome. Akiwa kwenye njia, pua iko chini, pumzi ni fupi za harakaharaka, kamba imekaza. Akiipoteza, kichwa kinainuka, anazunguka, kamba inalegea. Hapo ndipo tunapokosea. Niliwahi kugeukia geti kwa sababu moyoni nilishaamua mwizi katokea huko. Mbwa akanifuata kwa utii, tukatembea dakika 20 bure. Alikuwa akifuata bega langu, wala si harufu. Siku hizi nasimama kama nguzo mpaka aamue mwenyewe.

5. Akilala kando ya kitu, tuseme kisu, anakuonyesha amekipata; usikiokote. Mpe mpira wake, weka alama, mwite mpiga picha.

6. Andika siku hiyohiyo: saa, hali ya hewa, mlipoanzia, mlipoishia. Andika “mbwa alifuata harufu hadi mlangoni, akaketi”. Usiandike “mwizi aliingia humo”, maana hilo hukuliona, na mbwa hakulisema. Litathibitishwa kwa ushahidi mwingine. Alipopoteza njia napo pataje, hata kama mpelelezi amekunja uso. Wakili wa utetezi atakuuliza hapohapo.