Wiki za kwanza baada ya majibu ya kansa: namna ya kumlinda mgonjwa wako asijitoe uhai

Mgonjwa akishaambiwa ana kansa, watu wa nyumbani huanza kuhangaikia nauli, bima na nani atakayempeleka Mombasa. Hayo ni ya lazima. Lakini ipo hatari isiyongoja chemo ianze, nayo ni ya mgonjwa kujiua. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2012, uliohusu watu zaidi ya milioni 6, ulikuta kwamba wiki ya kwanza baada ya majibu hatari hiyo ilikuwa mara 12.6 ya ile ya watu wasio na kansa. Kwa wiki 12 za mwanzo ilikuwa karibu mara 5, na kwa mwaka mzima wa kwanza karibu mara 3. Kansa ngumu kutibika, kama za umio, ini na kongosho, ndizo zilizozidi. Wagonjwa walio wengi hawajiui, ila wachache wanaofikia hapo hufika mapema kuliko tunavyodhani.

Kwa mtu wa Lamu, wiki hizo ndizo za njiani na za kungoja. Majibu ya kinyama, yaani kipande cha mwili kilichokatwa kupimwa, yametolewa Mombasa, mmerudi zaidi ya kilomita 300 mpaka gati la Mokowe, mmevuka kwa boti, na tarehe ya kliniki bado iko mbali. Hakuna daktari anayemwona kwa muda wote huo. Kwa hivyo ulinzi ni kazi ya nyumba, na heri upangwe siku ile ile mnayorudi.

Kwanza chagueni mtu wa kuuliza. Si kila mtu anaweza. Mkwe hamuulizi mkwewe maneno haya, na mtoto wa kiume mara nyingi humwonea babake haya. Ndugu wa tumbo moja, khalati, ami au rafiki wa barazani hupata jibu la kweli upesi zaidi. Mtu huyo aseme naye kila siku wiki ya kwanza, kisha angalau mara mbili kwa wiki mpaka wiki ya 12.

Namna ya kuuliza

Ngojeni wageni waondoke. Kaa naye kwenye mkeka, usimuulize umesimama mlangoni. Anza mbali kidogo: “Khalati, tangu tutoke Mombasa, kuna siku umeona heri usiamke?” Akisema ndiyo, au akinyamaza, endelea: “Umefikiria kujiua?” Tumia neno hilo hilo. Ukisema “kufanya jambo baya” atakujibu hapana bila kusema uongo, nawe utaondoka na moyo mtulivu bure. Kuuliza hakumpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Mara nyingi humpa nafasi ya kutua mzigo aliokuwa akiubeba peke yake.

Akikubali, yako maswali manne ya kufuatia: amefikiria namna gani, kitu chenyewe kiko karibu naye, amepanga lini, na amewahi kujaribu zamani. Kisha muulize ni nini kimemzuia mpaka leo. Jibu la swali hili lishike vizuri, kwani ndilo mtakalolitegemea baadaye: mjukuu, swala, ahadi aliyoweka. Usimkatize kwa “astaghfirullah, hayo ni dhambi.” Analijua hilo kabla yako, na pengine ndiyo sababu hakusema mapema. Sheikh ana nafasi yake, lakini baada ya mgonjwa kusikilizwa, na awe mtu atakayemtuliza bila kumkemea.

Dalili zinazopotosha

Huku kwetu mgonjwa kuandika wasia, kulipa madeni na kuomba radhi ni jambo la heshima, na peke yake si dalili ya hatari. Angalia kinachoandamana nalo: amejitenga, hataki kusikia habari ya tarehe ya kliniki, anagawa vitu ambavyo angevihitaji mwezi ujao, au amekuwa na huzuni nzito kisha ghafla akatulia bila sababu. “Mola anichukue” huenda ikawa ni uchovu tu, lakini kila ikitamkwa ifuatwe na lile swali la pili, “Umefikiria kujiua?” “Nawasumbua” na “mimi mzigo kwenu” ni maneno mazito kuliko hayo, hasa baada ya familia kuuza shamba au mashua kwa ajili ya matibabu. Mazungumzo ya pesa yafanyeni mbali na masikio yake.

Kukosa usingizi, kukonda na kuchoka huletwa na kansa yenyewe, kwa hivyo havitoshi kupimia huzuni. Tumia maswali mawili ambayo hata wahudumu wa afya huyatumia: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi amekosa hamu ya mambo aliyoyapenda, na ni mara ngapi amejisikia mnyonge au kukata tamaa? Kila swali lina alama 0 kwa hakuna kabisa, 1 kwa siku kadhaa, 2 kwa zaidi ya nusu ya siku hizo, 3 kwa karibu kila siku. Jumla ikifika 3, apelekwe kupimwa zaidi. Wazo la kujiua halingoji alama. Hilo lishughulikiwe siku hiyo hiyo.

Akianza ghafla kuchanganyikiwa au kusema maneno yasiyoeleweka, wengine hukimbilia kombe, maji ya aya zilizoandikwa. Mpelekeni hospitali kwanza: huenda ni maambukizi au kalsiamu iliyopanda kwenye damu. Deksamethazoni na prednisoloni, ambazo wagonjwa wengi wa kansa hupewa, nazo huweza kukatiza usingizi na kubadili tabia. Mwambieni daktari, msizikatize wenyewe.

Nyumba na dawa

Dawa zote za nyumbani, pamoja na za bibi na za wageni, ziingie kwenye sanduku lenye kufuli, na ufunguo ukae kwa mtu mmoja. Sumu za shambani na za wadudu zitolewe nyumbani kabisa. Msimfiche mgonjwa, mwambieni mnafanya hivyo mpaka kiza hiki kipite. Wimbi la kutaka kufa mara nyingi hupanda na kushuka kwa muda mfupi, na umbali kati ya mtu na kitu cha kumdhuru ndio unaookoa.

Kosa kubwa hutokea hapa: familia hufungia hata dawa ya maumivu. Mofini ya maji hutolewa kila saa 4, usiku pia kama daktari alivyopanga, na anayeshika ufunguo ndiye anayempelekea kipimo chake kwa wakati. Maumivu yasiyotulizwa huweza kumfikisha mtu kwenye kukata tamaa.

Akiandikiwa dawa za huzuni, ombeni za wiki moja au mbili kwa wakati. Huchukua wiki 2 hadi 4, au zaidi, kuonyesha nguvu, na wengi huziacha siku ya kumi wakiona hazifanyi kazi. Anayetumia tamoksifeni, dawa ya kansa ya matiti, amkumbushe daktari kabla ya kupewa fluoksetini, moja ya dawa hizo za huzuni, kwani hiyo huweza kupunguza nguvu ya tamoksifeni.

Ikiwa ana mpango na kitu kiko karibu

Asiachwe peke yake hata dakika moja, hata chooni mlango usifungwe kwa ndani. Mpelekeni hospitali ya King Fahd mjini Lamu, au kituo kilicho karibu. Walioko Pate, Faza au Kizingitini wawe na namba za manahodha wawili tangu mapema, na wajue saa za maji, kwani Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, haupitiki vizuri maji yakipwa. Mkikwama mpaka kujaa, kaeni naye kwa zamu na mpige 1199 ya Msalaba Mwekundu, simu ya bure, au Befrienders Kenya 0722 178 177. Ikiwa ameshameza kitu, msimtapishe wala kumpa maziwa. Chukueni pakiti au chupa mwende nayo.

Wengine husita wakiogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume na Katiba. Mwelezeni daktari ukweli, maana matibabu yanategemea hilo.

Akiruhusiwa kurudi, siku za mwanzo nyumbani zihesabiwe kama wiki ya kwanza tena: kuulizwa kila siku, sanduku kufungwa, tarehe ya kliniki kushikwa. Fanyeni hivyo pia kila habari inapobadilika: chemo ikisimamishwa, kipimo kikionyesha ugonjwa umesambaa, kansa ikirudi, na hata matibabu yakimalizika, pale wageni wanapoacha kuja na mgonjwa akabaki peke yake na hofu yake.